Mwosha wa Habari Ataoshwa na Nani?

Wahenga walisema mwosha huoshwa. Aghalabu methali hii hutajwa kumkumbusha binadamu mauti yake: leo unammiminia mwenzio maji, kesho utalazwa wewe na mikono mingine ikumiminie. Lakini sisi tuliolelewa pwani, tukakaa chuoni mbele ya maalimu kabla hatujakijua kiti cha shule, twafahamu mambo mengine ya kazi ile ambayo methali haikuyataja. Mwosha haoshi peke yake; huwa na wasaidizi. Aibu aliyoiona mwilini mwa maiti haitoi nje. Na akishamaliza ni sunna naye akaoge, ndipo arudi kwa watu wake. Hapana aliyemfundisha mwosha kwamba moyo wake hautaguswa. Wazee walijua kuwa utaguswa, wakamwekea maji.

Mwandishi wa habari naye huwaona maiti. Huwaona wengi kuliko mwosha wa mtaani kwetu, tena huwaona kabla hawajafunikwa shuka. Tofauti ni kwamba yeye amekatazwa kunyamaza. Kazi yake ni kuyatoa nje yale aliyoyaona, na kuyatoa haraka, mtambo wa kuchapia haujaanza kunguruma. Na akishamaliza hapana maji aliyowekewa. Kesho yake asubuhi hutumwa kwingine.

Nataka leo, ndugu msomaji, tulitazame jambo hili katika mitaa miwili ya Nairobi, Kibera na Kawangware. Wengi wetu twaijua mitaa hii kwa majina tu, na hata majina hayo tumeyajua kwa sababu siku ya moto kuna mtu alisimama pale akaandika. Uchaguzi mwingine umepangwa Agosti 2027. Hapana shaka kwamba vijana wale wale, au wadogo zao, watatumwa tena katika vichochoro vile vile, na sijasikia katika chumba chochote cha habari watu wakilizungumza hilo kama wanavyozungumza juu ya magari na kamera.

Jina la Kibera limetokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Askari wa Kinubi waliotumikia jeshi la Mwingereza ndio waliokaa hapo mwanzoni mwa karne ya 20, na kizazi chao kingali upande wa Makina. Baadaye wakaja watu wa makabila yote, bati likashikana na bati, njia zikawa nyembamba hata wapita njia wawili wakikutana mmoja hana budi ajibane ukutani. Ukaribu huo una maana kubwa katika mazungumzo yetu. Jirani akikohoa usiku unamsikia. Mtoto wake akilia wajua ni yupi. Basi moto ukiwaka Kibera, haumwakii mtu usiyemjua.

Matokeo ya uchaguzi wa urais wa mwaka 2007 yalitangazwa tarehe 30 Desemba, na siku hiyo hiyo Waziri wa Usalama wa Ndani, marehemu John Michuki, akapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni. Soko la Toi liliteketea. Reli ipitayo Kibera kuelekea Uganda iling'olewa na vijana. Machafuko yalipotulia, tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini kote. Siku hizo redio ndogo ya mtaa, Pamoja FM, ambayo ilikuwa imeanza mwaka huo huo wa 2007, iliendelea kusema na watu wa Kibera kutoka ndani ya Kibera yenyewe. Watangazaji wake walikuwa watoto wa hapo hapo, wakiwasihi jirani zao watulie, na huku wao wenyewe hawana hakika kama watazikuta nyumba zao wakitoka studio.

Mimi wakati ule nilikuwa Nairobi, katika chumba cha habari cha gazeti moja. Alikuwapo kijana mzaliwa wa Kibera ambaye tulimtegemea sana. Hakuwa mwajiriwa. Alikuwa mmoja wa wale wanaolipwa kwa habari: ikichapishwa hulipwa, isipochapishwa jasho lake limekauka. Asubuhi moja ya Januari 2008 alikuja ofisini kwa miguu, viatu vimejaa majivu. Akatueleza kwamba amepita penye nyumba tatu zilizoungua, na ya pili ilikuwa ya mzee aliyekuwa akiwauzia maziwa tangu yeye ni mtoto wa kutumwa na kikombe. Mzee hakutoka. Mhariri wa zamu, na wallahi alikuwa mtu mwema, alimwuliza: "Una picha?"

Kijana alikuwa nayo picha, ya nyumba na moshi, akaitoa. Ikachapishwa, akalipwa. Hapana aliyemwuliza jambo jingine. Mimi nilikuwa meza ya pili, na mimi pia sikumwuliza. Yapata miaka miwili baadaye, tukiwa mkahawani, niliona mhudumu akimwekea chai ya maziwa naye akiirudisha aletewe ya rangi. Nikamtania kwamba ameanza kuwa Mswahili. Akasema, "Ustadh, maziwa siwezi tena." Akabadili mazungumzo.

Karibu na siku zile zile, tarehe 17 Januari 2008, mpigapicha Walter Astrada kutoka Argentina, akilifanyia kazi shirika la AFP, alimpiga picha mtoto wa Kibera akipiga mayowe mlangoni kwao kwa kumwona askari anakuja na rungu. Picha alizopiga Kenya katika machafuko yale zilipata tuzo ya World Press Photo mwaka 2009. Sina neno na Astrada. Alihatarisha roho yake, na dunia iliona kwa sababu yake. Lakini yeye hatimaye alipanda ndege. Kijana wetu alirudi Gatwekera kwa miguu, akalala akitenganishwa na mtoto kama yule kwa ukuta mmoja wa bati.

Je, ni kweli kwamba kuandika msiba wa kwenu ni kuzito kuliko kuandika msiba wa wengine, au ni hisia zangu tu za kishairi? Yuko daktari mmoja wa maradhi ya akili huko Toronto, Kanada, aitwaye Anthony Feinstein, ambaye kwa miaka mingi amewachunguza waandishi wa habari za vita. Mwaka 2002 alichapisha uchunguzi wake juu ya waandishi waliokuwa wakienda vita baada ya vita, akakuta kwamba zaidi ya mmoja katika kila wanne wao amewahi kupatwa na maradhi yale yale ya mshtuko yanayowapata wanajeshi. Mwaka 2015, pamoja na wenzake, alichapisha uchunguzi juu ya waandishi wa Kenya 57 wa vyombo viwili vya habari vya kitaifa. Walitazamwa walioandika machafuko ya uchaguzi wa 2007 na walioandika shambulio la Al-Shabaab katika jengo la maduka la Westgate, Nairobi, Septemba 2013, ambamo watu 67 waliuawa.

Walioandika machafuko ya uchaguzi walikutwa na dalili nyingi zaidi kuliko wenzao ambao hawakuyaandika: mambo waliyoyaona yakiwarudia bila ya kuitwa, na mwili kushtuka kwa jambo dogo. Kwa walioandika Westgate tofauti hiyo haikuonekana. Na kilichotangulia vyote kwa uzito ni kule kujeruhiwa mwenyewe kazini.

Jawabu la kwa nini iwe hivyo nalitoa mimi, na msomaji ana haki ya kulipinga. Westgate adui alitoka nje. Nchi nzima ilisimama upande mmoja, watu wakapanga foleni kutoa damu, na mwandishi aliyekuwa pale alijua ni nani anayemlilia na ni nani anayemlaani. Mwaka 2008 aliyeshika panga alikuwa mtu aliyemsalimu jana. Mwandishi aliandika habari ya watu wa kabila lake wakiua, au wakiuawa, au yote mawili katika mtaa mmoja, kisha akarudi ofisini akakaa meza moja na mwenzake wa kabila la pili, na wote wawili wakaogopa kutazamana. Jeraha hilo halina upande wa kulilalia.

Ng'ambo ya Barabara ya Ngong kutoka Kibera, ambako matatu za namba 46 huenda na kurudi, iko Kawangware. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa urais wa Agosti, ukarudiwa tarehe 26 Oktoba. Usiku wa kuamkia tarehe 28 vibanda vilikuwa vikiungua Kawangware, na watu waliokuwa wakinunua sukuma wiki kwenye meza moja wakawa wanalinda vichochoro vyao kwa mawe na marungu, kila kabila na upande wake. Waliotumwa kuandika walikuta jambo ambalo wakubwa wao walikuwa wameapa tangu 2008 kwamba halitatokea tena. Mmoja wao aliniambia kwamba hakuogopa mawe. Alichoogopa ni kwamba alikwishaijua habari kabla hajafika: angeweza kuiandika akiwa ndani ya gari, abadilishe tarehe na majina ya mitaa. Alipoligundua hilo alimwomba dereva asimame, akatapika.

Naona watu hufikiri mwandishi aliyeumia ni yule anayelia. Kumbe mara nyingi ni yule asiyehisi kitu. Anahesabu: wanne, sita, tisa. Maneno yake yanakuwa yale yale kila siku, "taharuki ilitanda", "simanzi iligubika", mpaka msomaji naye anapita juu yake kama apitavyo juu ya bei za mahindi. Sisi tunaopenda lugha hulalamika kwamba vijana wa magazetini hawana msamiati. Huenda baadhi yao wanao, ila wameufungia sandukuni wapate kufika mwisho wa mwezi.

Agosti ya mwaka huo huo wa 2017, huko Kibera, mwandishi wa televisheni ya KTN na mpigapicha wake walikamatwa na polisi. Kosa lao lilikuwa kuvaa fulana za kuzuia risasi na kofia za chuma bila ya kibali. Nalitaja tukio hili si kwa sababu ya polisi. Nalitaja kwa sababu lilizungumzwa sana: vyama vya waandishi vilipaza sauti, wahariri wakaandika tahariri, kila mtu akakubali kwamba kifua cha mwandishi chahitaji kinga. Kuhusu kilichomo ndani ya kifua hicho, tahariri sikuiona.

Kimya hiki kina asili yake. Taaluma yetu katika Afrika Mashariki imelelewa kwa visa vya mashujaa, na aliye mkubwa wao ni Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Dar es Salaam. Picha zake za njaa ya Korem, Ethiopia, Oktoba 1984, ndizo zilizoiamsha dunia. Mwaka 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa. Mwenzake aliyekuwa akirekodi sauti, John Mathai, akafa, naye Amin akapoteza mkono wa kushoto. Akawekewa mkono wa bandia akarudi kazini, mpaka alipofariki Novemba 1996 katika ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara ikaanguka baharini Ngazija. Kila kijana anayeanza kazi hii amesimuliwa habari za mkono ule. Ni kisa cha kweli na cha fahari. Lakini kimesimuliwa namna ya kumfanya mtu mwenye mikono miwili aone haya kusema kwamba hapati usingizi.

Wengine husimuliwa kidogo tu. Tarehe 12 Julai 1993, Mogadishu, baada ya helikopta za Marekani kushambulia nyumba, umati wenye hasira uliwageukia waandishi waliokuja kuandika habari za waliouawa, na miongoni mwa wanne waliopoteza maisha walikuwamo Wakenya wawili wa shirika la Reuters, Hos Maina na Anthony Macharia. Wenzao waliokuwa Nairobi waliwazika, kisha wakarudi Somalia kwa sababu habari ilikuwa haijesha. Mwaka uliofuata dunia ilimzungumza Kevin Carter wa Afrika Kusini, aliyempiga picha mtoto wa Sudan mwenye njaa na tai nyuma yake, akapata tuzo ya Pulitzer, na Julai 1994 akajiua. Mabishano yaliyofuata yalikuwa juu ya kwa nini hakumbeba mtoto. Ni wachache waliouliza ni nani angalimbeba Carter.

Wako wanaoniambia kwamba haya ni maradhi ya Kizungu. Naam, ni kweli kwamba madaktari wa Marekani waliyaingiza katika kitabu chao cha maradhi ya akili mwaka 1980 tu, baada ya vita vya Vietnam. Lakini Kiswahili hakikungoja mwaka 1980. Sisi tuna kihoro, ile huzuni ya ghafla ambayo bibi zetu walisema huweza kumwua mtu aliyekuwa mzima. Tuna jakamoyo, moyo usiotulia mahali pamoja. Tuna sononeko, ambalo halipigi kelele bali hula taratibu kama mchwa katika boriti. Mtu akirudi safari ya baharini ambako chombo kilizama, hakuachwa alale peke yake. Lugha isiyoyajua maradhi haiyatungii majina matatu.

Na katika kisa cha Nabii Yusuf, ambacho kila mtoto wa chuoni amekisikia, ndugu zake walimpelekea baba yao kanzu iliyopakwa damu ya uwongo. Ukifikiri, ile ilikuwa habari: ina kielelezo, ina damu, ina mashahidi. Mzee Yaakub hakuwasadiki, akasema atasubiri subira njema. Kisha akahuzunika hata macho yake yakawa meupe, asione. Nilipokuwa mdogo nilimwuliza maalimu vipi mtu mwenye subira njema apofuke kwa huzuni. Nilitazamia bakora. Maalimu akanyamaza kidogo, akasema kwamba subira ilikuwa moyoni na huzuni ilikuwa machoni, na Mola hakumlaumu kwa lolote kati ya hayo. Nimeipata faida ya jibu hilo nikiwa mtu mzima.

Kanzu ile yanipeleka kwenye jambo ambalo waandishi hatupendi kulitaja. Si kila maumivu yetu ni ya kuona tu; mengine ni ya kushiriki. Mwaka 2008 zilikuwapo redio zilizolaumiwa kwa kuchochea chuki katika lugha za makabila. Mtangazaji mmoja, Joshua arap Sang wa Kass FM, alifikishwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague, na kesi yake ikasitishwa Aprili 2016 kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Sheria imekwisha kazi yake kwake, wala mimi si hakimu. Lakini nje ya mahakama wako wengi ambao hawakushtakiwa popote nao wanajijua: aliyeandika kichwa cha habari kikali kuliko habari yenyewe, aliyetaja kabila la muuaji pasipo haja, aliyetangaza uvumi kwa kuwa mshindani wake kautangaza. Magazeti makubwa yaliungana Januari 2008 yakatoka na kichwa kimoja cha kuisihi nchi, na lilikuwa jambo jema. Kwa baadhi yetu lilikuwa pia ni kunawa mikono.

Nimeulizwa, na ni swali la haki, kwa nini nimlilie mwandishi na wenye maiti wapo. Aliyeniuliza alikuwa bibi mmoja wa Makina, Mnubi, aliyenikaribisha kwake miaka kadhaa baada ya machafuko. Nilimwambia ninataka kuandika juu ya vijana wa habari na mizigo yao. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia kahawa, akasema: "Mwanangu, nyinyi mlikuja mkaandika mkaenda. Mimi nilibaki na watoto wa binti yangu. Sasa mwataka niwalilie na nyinyi?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina lote. Nilimwambia kwamba kijana aliyeandika habari ya mtaa wake hakwenda popote, yuko nyumba ya nne kutoka kwake. Akauliza jina. Nilipomtajia akashika kidevu, akasema, "Yule? Mbona hakusema?" Halafu baada ya kitambo: "Mwambie aje."

Sikuyaandika mazungumzo hayo wakati ule. Nayaandika leo kwa sababu nadhani bibi yule alifahamu kuliko wahariri. Hakusema kijana apelekwe hotelini kwa semina ya siku moja, apewe chai na sambusa, kitambulisho cha shingoni na cheti. Nimehudhuria semina hizo. Sambusa zilikuwa nzuri. Sikatai madaktari wala ushauri nasaha, na aliyefikia kutolala na kutokula hana budi aende kwa mtaalamu, si kwa mshairi. Lakini chombo cha habari kinachosubiri mpaka mtu aanguke ndipo kimtafutie daktari ni kama jahazi linalotafuta mafundi wa kuziba likiwa limekwisha kujaa maji.

Mambo yanayotakiwa si ya ghali. Mwosha haoshi peke yake. Basi mwandishi asitumwe peke yake penye maiti, na hasa asitumwe peke yake katika mtaa wa kwao. Awe na haki ya kusema leo siwezi, bila ya habari zake za wiki ijayo kupewa mwingine. Akirudi, kabla ya swali la picha, liweko swali jingine. Na haki hizo zimfikie yule anayelipwa kwa habari kabla hazijamfikia mwenye mshahara, maana yeye ndiye aliye karibu zaidi na moto na mbali zaidi na bima. Ninajua mhasibu atauliza fedha zitatoka wapi. Zitatoka pale pale zinapotoka za kununulia picha ya moto.

Siku hizi, tena, moto umeingia ofisini. Tangu maandamano ya vijana ya Juni 2024, tarehe 25 walipoingia Bungeni, wako wasaidizi wa wahariri ambao hawajakanyaga barabarani siku hiyo lakini wametazama kwenye simu na kompyuta, saa nane mfululizo, video za watu wakipigwa risasi, wakizirudisha nyuma na kuzirudia ili kuhakikisha ni mahali gani na saa ngapi. Uhakika huo ni wajibu. Kurani yenyewe yatuamrisha tuichunguze habari kabla ya kuisadiki tusije tukawadhuru watu tukajuta. Ila aliyeitazama risasi mara arobaini, sisi twamwita mtu wa mezani, na jioni twamwuliza amechoshwa na nini. Na waliokuwa barabarani hawakusalimika: Julai 16 ya mwaka huo mwandishi wa kike alipigwa risasi mguuni mjini Nakuru akiwa kazini. Kumbuka kwamba katika uchunguzi wa Feinstein kujeruhiwa ndiko kulikotangulia.

Yuko mmoja aliyejitafutia maji mwenyewe. Boniface Mwangi alikuwa mpigapicha wa gazeti la The Standard wakati wa machafuko. Picha zake zilimpa tuzo ya bara iliyoitwa kwa jina la Mohamed Amin, lakini yeye amekwisha kusema hadharani kwamba aliyoyaona yalimwandama na kumvunja moyo. Aliiacha kazi. Kuanzia 2009 akazichukua picha na kuzitembeza mijini katika maonyesho aliyoyaita Picha Mtaani, zikatundikwa njiani bure, mpita njia asimame, atazame, alie au akasirike. Siasa zake za baadaye kila mtu na amhukumu apendavyo. Ninachokiona mimi ni kwamba hakuzificha picha wala hakuzikimbia: alizirudisha kwa wenye msiba, akasimama nao wakizitazama. Picha iliyomlemea mtu mmoja chumbani kwake ikachukuliwa na mamia.

Mimi sina picha. Nilicho nacho ni ubeti mmoja nilioutunga usiku mmoja wa Januari 2008, ambao sikuupeleka kwa mhariri wa mashairi kwa kuona haya. Nautoa sasa:

Kalamu yangu nishike, mkono watetemeka,
Habari gani niweke, na moto bado wawaka,
Kilio cha mwanamke, usiku chanizunguka,
Mwosha nimeosha wengi, na mwenyewe sijaoshwa.

Kijana wetu, ambaye sasa si kijana, aliupata ujumbe wa bibi wa Makina. Alikaa wiki tatu bila kwenda. Kisha akaenda siku ya Ijumaa, akanipitia nimsindikize kwa kuwa aliona haya kwenda peke yake. Bibi hakumwuliza habari ya 2008 hata kidogo. Alimwuliza mama yake hajambo, akamsuta kwa kupita mlangoni miaka yote bila ya kubisha hodi, akamwita mjukuu wake alete chai. Ikaja ya maziwa, bibi hakujua. Nilitaka kusema, kijana akanigusa goti. Aliishika birika akaitazama, akamwuliza bibi kama anamkumbuka mzee aliyekuwa akiuza maziwa pale chini, karibu na reli. Bibi akasema vipi asimkumbuke, na akaanza kumsimulia: alikotoka, mkewe wa kwanza, na vile alivyokuwa akiwapunja wateja kipimo kisha akawaongezea watoto wao bure. Walizungumza mpaka adhana ya alasiri. Chai ilipoa birikani. Hapana aliyeinywa, na bibi hakuuliza kwa nini.